Kabla ya Rangi, Kivuli

Msimu wa sendofu na harusi unapopamba moto hapa Dar es Salaam, napokea ujumbe mwingi kutoka kwa wasichana wanaotaka kuingia katika kazi ya upambaji, na swali lao la kwanza karibu siku zote huwa ni moja: "Dada, ninunue paleti gani?" Wengine huambatanisha picha ya paleti, yaani kasha la rangi za macho, yenye rangi 120 na iliyopangwa kwa tabaka mbili, kuanzia kijani cha jani la mgomba hadi zambarau iliyokolea kama tunda lenyewe. Jibu langu huwavunja moyo kidogo, kwa sababu huwaambia kwamba baada ya miaka 11 ya kupamba maharusi, kasha ninalolifungua kila siku ya kazi lina visahani vinne tu, vyote vya kahawia, na hakuna hata kimoja kinachong'aa.

Si ubahili. Waingereza, ambao kwao tumelichukua neno aishedo, waliiita rangi hii ya kupaka machoni kivuli cha jicho wala hawakukiita rangi ya jicho, na nadhani jina hilo linaeleza kazi yake vizuri kuliko mafunzo mengi yanayozunguka mtandaoni. Uso una sehemu zilizoinuka na sehemu zilizobonyea. Mwanga ukitoka juu hugonga paji, mifupa ya mashavu, mgongo wa pua na kidevu, kisha huacha giza dogo kwenye mkunjo wa jicho, chini ya mfupa wa shavu na chini ya taya. Giza hilo ndilo linalotufanya tuone kwamba uso una umbo. Sasa faundesheni, ambayo kazi yake ni kusawazisha, hufuta madoa na kulifuta giza hilo pia, ndiyo maana mtu aliyepakwa faundesheni nzito kisha akaachwa hapo hapo huonekana bapa kama picha ya kitambulisho. Aishedo hurudisha kivuli cha jichoni, na kontua hurudisha kivuli cha shavuni na cha tayani, kwa hiyo kwangu mimi ni kazi moja inayofanywa kwa brashi mbili. Anayejipaka faundesheni nyepesi ya kwenda ofisini hajafuta kivuli kingi, na hana kingi cha kurudisha. Bibi harusi ambaye uso wake umefunikwa kikamilifu kwa ajili ya kamera ndiye anayehitaji kujengewa upya.

Kisahani changu cha kwanza ni kahawia inayoizidi ngozi ya mteja giza kwa kiwango kidogo sana, kiasi kwamba ukiipaka peke yake mtu hawezi kusema umepaka kitu. Hii hupita kwenye mkunjo wa jicho na juu yake kidogo, ikitembezwa kwa brashi laini yenye manyoya marefu, huku na huku kama waipa ya gari, hadi ukingo wake upotee. Cha pili ni kahawia yenye wekundu, mfano wa udongo wa Kilimanjaro au kutu ya bati, nacho ndicho kinacholeta uhai, kwa kuwa ngozi nyingi za kwetu zina wekundu au umanjano ndani yake na kahawia baridi, ile yenye ukijivu, huziua. Cha tatu ni kahawia iliyoungua, kama buni iliyokaangwa ikakaribia kuwa nyeusi. Hukaa kwenye kona ya nje ya jicho na kwenye mzizi wa kope, na kwa mteja ambaye macho yake hutoa machozi haraka huwa ndiyo mbadala wa wanja wa maji. Cha nne ni cha mwanga, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanadhani mwanga ni weupe. Mtu wa rangi ya maji ya kunde akipakwa nyeupe chini ya nyusi huonekana kama aliyechorwa kwa chaki. Anahitaji rangi ya asali. Mtu mweusi anahitaji rangi ya ngozi yake mwenyewe iliyoongezewa mwanga kidogo, jambo ambalo mara nyingi huwa ni kahawia ya karameli, ile ile ambayo kwa mtu mweupe ingekuwa kivuli.

Nikisema kweli yote, basi, ninazo seti mbili za visahani hivyo vinne, moja ya wateja wa maji ya kunde na weupe, nyingine ya wateja weusi, na zote zinakaa ndani ya kasha tupu lenye sumaku. Makasha hayo ni ya kheri kwa fundi anayeanza. Visahani vingi vinavyouzwa kimoja kimoja vina kipenyo cha milimita 26, hivyo unaweza kuchukua kahawia ya kampuni hii na kutu ya kampuni ile ukazipanga pamoja, na kile kitakachoisha unakibadilisha chenyewe bila kununua paleti nzima ambayo nusu yake hutaigusa.

Rangi zinazong'aa ninazo, na ninazipenda, lakini ni chache: shaba, dhahabu iliyozeeka, na nyingine moja yenye rangi ya divai. Hizi hung'aa kwa sababu ya maika, jiwe linalosagwa kuwa vipande vidogo vinavyorudisha mwanga, na kwa sababu zinarudisha mwanga hukaa mahali pamoja tu, katikati ya kifuniko cha jicho, zikibandikwa kwa ncha ya kidole au kwa brashi iliyoloweshwa kidogo. Ukizipeleka kwenye mkunjo umeweka mwanga mahali pa kivuli, na jicho litavimba mbele ya kamera. Kwa mama wa bibi harusi huwa nina hadhari zaidi, kwani chembe zinazometameta huingia kwenye mikunjo midogo ya ngozi na kuitangaza; mama huyo nampaka rangi zenye mng'ao hafifu wa hariri, naye hutoka amependeza bila kuonekana anashindana na binti yake.

Kuhusu zile rangi za waridi kali, nyekundu na zambarau zinazowaka kama taa ya klabu, nina neno moja. Baadhi yake zimetengenezwa kwa aina za rangi ambazo sheria za Marekani haziziruhusu kutumika karibu na jicho, na watengenezaji hulikwepa jambo hilo kwa kuziita rangi zilizoshindiliwa, bila kutaja aishedo, kisha huandika onyo kwa herufi ndogo nyuma ya kasha. Geuza kasha usome. Hata zisipodhuru, huacha doa kwenye ngozi linaloweza kukaa hadi kesho yake, na bibi harusi wa sendofu ya Ijumaa anayeolewa Jumamosi hahitaji kuamka na kope za waridi.

Namna ya kujaribu paleti dukani ni rahisi, ila inahitaji uso mkavu, kwa sababu wauzaji wa Kariakoo wanakuwa na haraka nyingi. Usidanganywe na rangi inayong'aa, kwani karibu kila kiwanda kinaweza kutengeneza dhahabu ya kupendeza. Kinachoumbua paleti ni kahawia isiyong'aa. Pitisha kidole mara moja tu, bila kukandamiza, kisha upake upande wa ndani wa mkono wako bila praima, ile krimu inayotangulia kupakwa ili rangi ishike. Rangi nzuri hukaa kama imemwagwa, mfululizo, bila mabaka. Rangi mbaya huacha vumbi kidoleni na mstari uliokatikakatika mkononi. Kisha toka nje ya duka. Taa za madukani zina weupe wake, na nimeona kahawia nyingi zilizokuwa kahawia ndani zikageuka kijivu zilipokutana na jua la Mtaa wa Kongo.

Kijivu hicho nakijua vizuri, kwa sababu kiliniaibisha. Mwaka wangu wa pili kazini nilimpamba binti mmoja mweusi, mweusi wa kupendeza, kwa ajili ya sendofu yake. Nilikuwa nimenunua paleti ya kontua ya visahani sita iliyokuwa ikisifiwa sana siku zile, na rangi yake iliyokolea kuliko zote ilikuwa kahawia yenye ukijivu ndani yake. Chumbani, chini ya taa ya manjano, sikuona tatizo lolote. Tulipotoka barazani, shangazi yake alimtazama kwa kitambo, kisha akanigeukia na kuniambia kwa upole ambao uliniuma kuliko ukali: "Mwanangu, mbona mtoto amekuwa na majivu mashavuni?"

"Nisamehe, shangazi," nikamjibu, "nipe dakika kumi."

Zikawa arobaini. Nilifuta mashavu yote mawili, nikarudia faundesheni, na kwa kuwa sikuwa na kontua nyingine yoyote, nikachukua kile kisahani cha kahawia iliyoungua nilichokuwa nimempakia machoni, nikakichanganya na ile yenye wekundu, nikapaka mashavuni kwa brashi iliyopunguzwa rangi mara mbili juu ya kiganja. Ilikaa kama kivuli cha uso wake mwenyewe. Shangazi hakusema kitu zaidi, aliniletea soda. Tangu siku hiyo sijanunua tena paleti ya kontua kwa ajili ya wateja weusi, bali natumia aishedo zisizong'aa zenye kukolea vya kutosha, nazo hazijawahi kuniangusha.

Majivu yale yana sababu yake. Kiwanda kinapotaka kutengeneza rangi nyingi kwa gharama ndogo, huanza na msingi mmoja mweupe, mara nyingi wenye titani dioksaidi na poda ya talki, kisha huongeza rangi za oksaidi ya chuma, nyekundu, njano na nyeusi, hadi ipatikane kahawia inayotakiwa. Weupe wa msingi haupotei, umefunikwa tu. Juu ya ngozi nyeupe hauonekani, lakini juu ya ngozi nyeusi huibuka kama majivu kwenye jiko lililozimika. Kwa miaka mingi viwanda vikubwa havikujali, na waliojali walikuwa wachache, mmoja wao akiwa mwanamitindo Iman, mzaliwa wa Mogadishu aliyesoma Nairobi, ambaye mwaka 1994 alianzisha vipodozi vyake baada ya miaka ya kwenda kwenye upigaji picha akiwa amebeba mchanganyiko wake mwenyewe wa faundesheni. Fenty Beauty, kampuni ya vipodozi ya mwimbaji Rihanna, ilipotoka mwaka 2017 na faundesheni za viwango 40 kwa mpigo, makampuni mengine yalikimbilia kuongeza zao. Kwenye kontua, hata hivyo, mabadiliko yamekuja polepole zaidi, na bado naona paleti mpya ambazo kisahani chake "cheusi kabisa" ni rangi ya ngozi ya dada yangu akiwa hajapata jua.

Ninapochagua rangi ya kontua najiuliza swali moja: ngozi hii ikikaa mahali penye mwanga hafifu inakuwaje? Kwa mtu mweupe kivuli huelekea ukijivu, na ndiyo maana kontua za viwandani ni za kijivu. Kwa mtu wa maji ya kunde kivuli ni kahawia ya kawaida, isiyo nyekundu wala kijivu. Kwa mtu mweusi kivuli ni ngozi ile ile iliyopungukiwa mwanga, yenye wekundu wake au ubuluu wake, viwango viwili hivi chini ya faundesheni yake. Bronza ni jambo jingine, ingawa wengi huichanganya na kontua: bronza huiga jua, kwa hiyo ina joto na hupakwa mahali jua linapogusa, yaani paji, mashavu kwa juu na pua, kontua huiga kivuli, na hupakwa mahali jua lisipofika. Ukipaka bronza ya machungwa chini ya mfupa wa shavu umepaka jua mahali penye giza, na uso hautaeleweka.

Kwa mteja mweusi sana, wakati mwingine siongezi giza kabisa. Giza analo tayari, kazi yangu ni kuleta mwanga, hivyo nampaka konsila, ile krimu nzito ya kufichia madoa, inayoizidi ngozi yake mwanga kwa kiwango kimoja au viwili katikati ya paji, chini ya macho, kwenye mgongo wa pua na kidevuni, na sehemu nilizoziacha zinakuwa kivuli zenyewe. Nasema kimoja au viwili, kwa sababu mtindo wa pembetatu nyeupe chini ya macho, viwango vinne juu ya ngozi, una miaka mingi sasa na sijawahi kuona mtu mmoja aliyependeza nao akiwa nje ya skrini. Kama chini ya macho kuna weusi wa buluu, konsila peke yake itageuka kijivu hapo hapo. Tangulia na rangi ya chungwa, nyembamba sana, kwa kuwa chungwa ndiyo inayokabiliana na buluu kwenye duara la rangi, halafu konsila ifuate.

Mahali pa kupaka hapapatikani kwa kufuata mchoro wa mtu mwingine. Weka kidole gumba chini ya mfupa wa shavu la mteja, ubonyeze taratibu ukianzia karibu na sikio, na utasikia mfupa unapoishia. Kivuli kinakaa chini tu ya hapo, kikianzia usawa wa sikio, kikielekea upande wa kona ya mdomo, na kinafifia kabla hakijavuka mstari unaoshuka kutoka kona ya nje ya jicho. Kikiendelea hadi karibu na mdomo, mtu huonekana mgonjwa. Anza na brashi sikioni, mahali ambapo rangi nyingi itabaki, kisha isambaze kwa kuipandisha juu kidogo, kamwe si kwa kuishusha, kwa sababu kivuli kinachoshuka huushusha uso mzima. Panja zipate kidogo kama paji ni pana, taya zipate chini ya mfupa na kuendelea hadi shingoni ili pasiwe na mpaka. Ile mikunjo miwili au mitatu ya shingoni, ambayo wazee wa pwani waliisifu kuwa ni uzuri, naiacha, ingawa mafunzo ya mtandaoni yananiambia niifiche.

Inafaa pia kukumbuka kwamba kontua kali ilizaliwa jukwaani na kwenye filamu, wala haikukusudiwa meza ya chakula. Taa kali za filamu za zamani zilifuta umbo la uso, na wapambaji wa Hollywood kama Max Factor, mzaliwa wa Poland, walilazimika kulichora upya ili lionekane katika picha isiyo na rangi. Katika miaka ya 1990 Kevyn Aucoin, mpambaji wa Marekani, aliifanya iwe laini na kuitumia kwa watu mashuhuri, na mwaka 2012 picha ya Kim Kardashian, nyota wa televisheni wa Marekani, akiwa na mistari ya kahawia na nyeupe usoni ambayo bado haijafifishwa, iliipeleka duniani kote. Wengi waliiona mistari wakadhani mistari ndiyo kazi. Kuififisha ndiyo kazi. Mimi hutumia muda mara tatu kufifisha kuliko nilioutumia kupaka, na kwa mteja anayeketi ukumbini akisalimiwa na wageni kwa umbali wa mkono, hiyo haina mjadala.

Pua nitaisema kwa ufupi kwa sababu inaniudhi. Kila wiki kuna mteja anayeniomba pua iwe nyembamba, na ninaweza kuifanya: mistari miwili myembamba inayoanzia kwenye mzizi wa nyusi, mwanga katikati, na kivuli kidogo chini ya ncha. Ila pua iliyochorwa hukaa vizuri ukitazamwa kwa mbele tu. Mgeni anayeketi upande wa kulia wa meza kuu ataona pua yako halisi pamoja na michoro juu yake. Kwa hiyo hupaka nusu ya kile ninachoombwa, na hadi leo hakuna aliyegundua.

Joto la mji huu linabadilisha utaratibu wa kazi. Mteja wa Arusha mwezi Julai unaweza kumpaka krimu tupu akafika usiku salama, lakini mteja wa Dar es Salaam mwezi Februari, akitoka kanisani kwenda kupigwa picha ufukweni, atayeyuka. Mimi hutanguliza kontua ya krimu, nyembamba, wakati faundesheni haijakauka. Kisha nabonyeza poda kwa sponji, sisugui. Kisha narudia kivuli kile kile kwa poda, mguso mmoja tu. Krimu hushikilia poda na poda huizuia krimu isitembee. Usipake krimu juu ya poda, kwa maana itakusanyika kama uji uliopoa. Kwenye macho, praima au konsila nyembamba iliyokaushwa kwa aishedo ya rangi ya ngozi hufanya kazi ile ile. Na kwa bibi harusi wa Zanzibar aliyesuguliwa singo, ule mchanganyiko wa asili wa kulainisha ngozi, kwa siku kadhaa na somo wake, yaani mama anayemfunda, huwa natumia nusu ya faundesheni niliyoizoea, kwa sababu ngozi ile imekwisha kuandaliwa na mikono inayojua kazi yake.

Mwanga wa kufanyia kazi uwe wa dirisha, mteja akilitazama, na si taa ya juu ambayo inaweka vivuli vyake chini ya macho na kukufanya upigane navyo bure. Halafu uliza kuhusu ukumbi. Siku hizi mapambo ya ukumbini yana taa za buluu na zambarau, na chini ya taa ya buluu rangi za kutu na chungwa huwa nyeusi, hivyo jicho ulilolipaka kwa joto jingi litaonekana kama lililopigwa ngumi. Nikijua mapema, napunguza wekundu na kuongeza mwanga katikati ya kifuniko cha jicho. Kabla mteja hajatoka nyumbani, mpige picha moja kwa simu yenye fleshi. Baadhi ya poda nyeupe za silika, na krimu za kukinga jua zenye titani dioksaidi au zinki, hazionekani kwa macho lakini huwaka nyeupe mbele ya fleshi, na ni afadhali ulione hilo sebuleni kuliko kwenye albamu.

Macho nayo hayafanani. Mwenye jicho la kungu, lile zito la kulegea ambalo ngozi yake ya juu hushuka na kufunika mkunjo, asipakwe kivuli kwenye mkunjo wenyewe, kwani akifungua macho hakitaonekana. Mwambie atazame mbele moja kwa moja, upake juu ya pale ngozi inapokunjika, ili kivuli kibaki wazi. Mwenye macho yaliyotokeza anahitaji kahawia isiyong'aa kwenye kifuniko chote, na mng'ao asiupate kabisa. Mwenye macho yaliyoingia ndani ana kivuli cha kutosha alichopewa na Mungu, na karameli kifunikoni inamtosha.

Usafi wa paleti ni jambo ambalo mteja hulitazama hata kama halisemi. Visahani vya poda navipulizia spiriti ya asilimia 70 baada ya kila mteja na kuviacha vikauke. Krimu naichota kwa kijiti cha chuma na kuiweka kwenye kibao, brashi haiingii kwenye kopo. Wakati wa mlipuko wa macho mekundu hapa Dar es Salaam, Januari 2024, nilitupa maskara zote zilizokuwa wazi na kuwarudishia wateja wawili pesa zao za awali kuliko kuwagusa. Kwenye makasha mengi kuna alama ya kopo lililofunguliwa yenye tarakimu kama 12M au 24M, nayo ni idadi ya miezi tangu ulipolifungua. Andika tarehe kwa kalamu chini ya kasha. Paleti zisizo na jina la mtengenezaji wala orodha ya viambato usizilete karibu na jicho la mtu, hata kama muuzaji anaapa, na vipodozi vinavyoingizwa Tanzania vinapaswa kuwa vimesajiliwa na Shirika la Viwango, TBS, lililokabidhiwa jukumu hilo mwaka 2019. Wanja wa kienyeji wa kusaga naukataa pia, pamoja na heshima zote kwa bibi zetu, kwa kuwa baadhi yake hutokana na galena, jiwe lenye madini ya risasi.

Na paleti ikianguka, kama ilivyoanguka yangu wiki iliyopita kwenye ngazi za ghorofa moja la Upanga, usiitupe. Kusanya vipande vya kisahani kilichovunjika, uvisage kwa ncha ya kijiko hadi viwe unga laini usio na punje, udondoshee spiriti matone machache mpaka upate kitu kama rojo nzito, kisha ukisawazishe. Funika kwa kitambaa cha pamba, ukandamize kwa sarafu iliyo safi, ondoa kitambaa chenye unyevu na urudie kwa kingine kikavu, halafu uache wazi usiku kucha. Asubuhi kitakuwa kigumu kidogo kuliko mwanzo, na brashi italazimika kukizungukia mara mbili. Kahawia yangu iliyoungua imekwisha kuvunjika mara tatu sasa, na Jumamosi hii inakwenda Kigamboni kwa bibi harusi.